Jina Lililokwanguliwa Kwenye Ramani

Mdogo wangu wa kiume tunamwita Dira, kwa sababu tangu utotoni hajawahi kupotea njia. Mfumbe macho, mzungushe mpaka achoke, bado atakuonyesha kaskazini iko wapi. Halafu huyo huyo atasaka miwani nyumba nzima akiwa ameivaa. Haya ninayoyasimulia yalimpata yeye na mke wake. Niliyapokea kutoka vinywani mwao, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao hayakupishana. Anayetaka kubisha akambishie yeye, mimi nimeshachoka.

Siku hiyo walipita kwangu asubuhi, nikiwa naanika mashuka. Wifi yangu alikuwa na begi mkononi na furaha usoni, maana walikuwa wanakwenda shambani kwa baba yake, safari ya kwanza tangu waoane. Dira alikuwa na bomba refu la plastiki begani, lile wanalobebea ramani.

"Unakwenda ukweni na kazi?" nikamuuliza. "Watasema tumewapa mkwe asiye na adabu."

"Kazi yenyewe iko ukweni, dada. Ofisi ndiyo imenituma."

Anafanya kazi ofisi ya ramani, na wakati huo kulikuwa na mradi wa kuchimba visima vijijini. Wenye mradi walitaka kujua watu wa zamani walichota maji wapi, kwa hiyo ofisi ikafungua drowa za ramani kuukuu na kuwatuma wapimaji wakazihakiki. Kanuni yao ni nyepesi. Unabeba karatasi ya zamani, unakwenda kwa miguu hadi kwenye kila kitu kilichochorwa. Kama kipo, unakitia tiki ya buluu. Kama kimetoweka, unakipiga msalaba mwekundu. Lazima ufike mwenyewe, lazima uguse ukuta kwa mkono. Na jina la mahali huliandiki mpaka mkaazi wa hapo alitamke kwa kinywa chake.

Alitandaza karatasi mbili juu ya meza yangu. Ya kwanza ilikuwa imegeuka njano kwa uzee. Mistari ya hudhurungi ilizunguka kilima, mto ukapita chini, na mgongoni mwa kilima palikuwa na miraba midogo myeusi iliyosogeleana. Hizo ni nyumba. Kiduara cha buluu kilikuwa kisima, na nukta nukta kutoka kwenye nyumba hadi kisimani zilikuwa njia ya miguu. Karatasi ya pili ilichapwa miaka mingi baadaye. Kilima kilekile, mto uleule. Pale penye nyumba palikuwa peupe.

"Walihama," nikasema.

"Watu wakihama, dada, njia hubaki. Magofu hubaki, na sisi tunayachora. Hapa vimeondolewa vyote kwa mkupuo mmoja."

Akanishika kidole akakipitisha juu ya ile karatasi ya njano, kando ya nyumba. Palikuwa panakwaruza. Mtu alikuwa amelikwangua jina la mahali pale kwa wembe, taratibu, bila kutoboa karatasi.

Wifi akainama akatazama. "Hapo si ndipo nyumbani kwetu?"

"Ndipo."

"Baba husema babu alikuta pori tupu. Alifyeka kila kichaka kwa mikono yake." Alilisema kwa fahari, kama mtoto anayemsifia baba yake. Mimi nilikuwa nawaza mashuka yangu na jua. Niliwafungia maandazi wakaenda zao.

Huyo baba mkwe wa Dira sikumpenda tangu siku ya posa. Mtu wa sauti ndogo na amri kubwa. Mke wake alikwishafariki, na pale shambani aliishi na mwanawe wa kiume, tuliyemwita Jeki kwa sababu aliwahi kuinua gari lililonasa kwenye tope, peke yake, na hakuacha mtu asahau. Kulikuwa na nyumba kubwa, nyumba ya Jeki upande wa kulia, jiko la nje nyuma, na ghala chini kidogo. Kwingine kote yalikuwa mahindi yaliyompita mtu kimo.

Sasa hapo ndipo Dira alipokosea, na nimemwambia mara nyingi mpaka nimenyamaza. Alitaka kuingia shambani afanye kazi yake kama inavyotakiwa. Mzee akamzuia.

"Mkwe hazunguki kwenye mahindi kama mwizi," alimwambia. "Keti."

Ukweni ni ukweni. Akaketi kibarazani, akaletewa chai, akaikunjua ramani magotini. Na kwa kuwa nyumba alikuwa anaziona kwa macho, akaona hakuna haja ya kunyanyuka. Mraba wa kulia, hiyo nyumba ya Jeki. Ule mdogo wa nyuma, jiko. Ule wa bondeni, ghala. Nyingine akadhani ni za majirani, zimefichwa na mahindi. Kwenye kiduara cha kisima, karibu na jiko, palikuwa na pipa la maji, akakisia kisima kimefunikwa na pipa limewekwa juu yake. Akatia tiki za buluu moja baada ya nyingine, huku kikombe kikiwa mkono wa pili.

Mzee alikuja kwa nyuma akasimama. Dira alisikia kikombe cha mzee kikigongana na kisahani chake.

"Umetia nini hapo?"

"Alama, baba. Kwamba zipo."

Mzee akainama hadi sikioni mwake. "Hazipo," alinong'ona, akaingia ndani na kufunga mlango. Jua lilikuwa bado kali, na hakutoka tena siku hiyo.

Asubuhi pipa halikuwepo.

Palikuwa na shimo la mviringo, limejengewa mawe ukingoni. Mawe yalikuwa na michirizi mirefu iliyochimbwa na kamba za ndoo, kazi ya miaka na miaka, na michirizi hiyo ilikuwa mibichi kwa maji. Jeki akaokota jiwe akalitupa ndani. Wakatega masikio. Jiwe halikulia maji wala mwamba. Lilitua kwenye kitu laini.

Kutoka kisimani mahindi yalikuwa yameachana. Hakuna shina lililovunjika. Yalisimama pembeni tu, na katikati palikuwa na njia ngumu, nyeupe, iliyokanyagwa na nyayo nyingi. Ilifuata zile nukta za ramani kona kwa kona. Hewa ilinuka nywele zilizoungua.

Jeki yule wa kuinua magari alikuwa amekauka midomo. "Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "humu shambani jembe hugonga vitu. Baba hutuambia tuvifukie tusivitazame."

"Vitu gani?"

"Meno."

Akaingia nyumbani kwake kutafuta tochi ya kumulika kisimani. Wifi alikuwa jikoni anawasha moto wa chai. Mzee akatoka nyumba kubwa akiwa ameshika panga, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala.

"Futa," alimwambia Dira.

Na Dira, kwa kweli, aliona anaambiwa haki. Alikuwa ametia tiki bila kufika wala kugusa kuta, na kazi ya uongo hurekebishwa. Akakunjua ramani juu ya ukingo wa kibaraza, akatoa kalamu nyekundu, akaanza na mraba wa kulia. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili.

Jeki akapiga kelele.

Haikuwa kelele ya kushtuka. Ilikuwa ya mtu anayekatwa. Dira alikimbia hadi mlangoni akakuta umefungwa kwa nje, kamba ya magome mabichi imezungushwa kwenye komeo mara nyingi. Hakuna aliyekuwa ameusogelea mlango ule. Ndani kulisikika mapanga, mengi, yanashuka kwa zamu kama watu wanaopasua kuni. Jeki aliita baba. Aliita tena. Kisha akawa anaguna tu, na mapanga hayakupumzika.

Kisha kimya. Kamba ikalegea yenyewe.

Jeki alikuwa chini ya kitanda, alikojaribu kujificha. Mikono yake aliyojikingia ilikuwa imekatwa hadi viwikoni. Uso haukutambulika. Alikuwa na majeraha mgongoni, kifuani, kwenye nyayo, na shingo ilishikiliwa na ngozi ya upande mmoja. Damu ilikuwa bado inatoka kidogo kidogo. Madirisha yalikuwa na nondo, na sakafuni hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Mzee alisimama nyuma ya Dira. Hakulia. "Zimebaki hizo nyingine," alisema. "Maliza, zitanyamaza."

Hapo mdogo wangu akaelewa. Tiki zake zilikuwa zimezirudisha nyumba zile. Msalaba haukuifuta nyumba; uliirudisha siku ile ilipofutwa, na yeyote aliyekuwa ndani alipata walichokipata wenyewe wa zamani. Aliyeshika kalamu nyekundu ndiye aliyetoa amri.

Kutoka jikoni, wifi yangu akamwita mume wake.

Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa kwa kamba ileile. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyasi za paa, mzito, wa njano. Na jiko, kwenye ramani, lilikuwa ule mraba mdogo wa nyuma, uliotiwa tiki; msalaba ulikuwa bado haujalifikia, lakini siku ile ilishaanza kurudi na haikungoja.

Mzee akaivamia karatasi ili amalizie misalaba mwenyewe. Alikuwa mzee wa mifupa mitupu, lakini alipigana kama mwenye nguvu za kuazima. Dira akashika ramani, mzee akashusha panga. Likampasua kiganja, vidole viwili vikaning'inia. Dira akampiga kichwa usoni, pua ikavunjika, damu ikawarukia wote wawili. Mzee akaanguka akiwa bado ananyoosha mkono kutafuta kalamu.

"Mwanao yumo humo," Dira alimwambia.

"Mmoja tu," mzee akasema. "Wakitoka wote, watatumaliza sote."

Dira akachukua shoka la kuni akaupiga mlango. Mbao zilipasuka. Akalinyanyua shoka, akaona mpasuko unajifunga, nyuzi kwa nyuzi. Akapiga tena. Ukajifunga tena. Ndani alisikia kikohozi, si cha mtu mmoja. Vikohozi vya wazee, vya wanawake, na vile vyembamba vya watoto.

"Mke wangu," aliita, mdomo kwenye ufa.

Sauti ya wifi ilitoka chini, karibu na sakafu. "Tuko wengi humu," alinong'ona. "Wananilalia. Hawataki nisimame."

Paa lilishika moto.

Mdogo wangu si mtu wa miujiza. Ni mtu wa kanuni za ofisi, na anasema kilichomjia kichwani pale ni kanuni. Mahali penye jina hapafutwi kwenye ramani mpaka wakaazi waulizwe. Ndiyo maana aliyetaka kupafuta alianza na wembe juu ya jina. Palipokuwa hapana jina tena, hapakuwa na wa kuulizwa. Akampigia magoti mkwe wake kwenye vumbi, akamkamata kola kwa mkono ule mzima.

"Paliitwaje hapa?"

"Pori."

"Paliitwaje, baba?"

Mzee akatikisa kichwa. Na ndipo maneno yalipomtoka, vipande vipande, damu ikimtiririka mdomoni. Alikuwa mtoto. Baba yake na wenzake walitaka kilima kwa sababu ya maji. Walikuja mchana, watu wamepumzika ndani. Yeye alitumwa mbele, kwa kuwa alizoea kucheza na watoto wa pale na mbwa hawakumbwekea. Alipewa kamba. Aliambiwa afunge milango kimyakimya. Waliotoka madirishani walikatwa. Wasiotoka waliungua. Wote wakatiwa kisimani, na baba yake alipoletewa mchora ramani, alimkaribisha vizuri akamwonyesha pori.

"Nikilitaja watanitambua," alisema. "Hawajui ni nani aliyefunga."

Jikoni boriti ilianguka. Wifi alipiga ukelele, kisha akakohoa, kisha akasema kwa taabu sana.

"Baba. Kuna mtoto humu anakuita. Anakuita jina lako la utotoni. Anauliza kwa nini ulifunga mlango."

Nimemchukia mzee yule tangu siku ya posa, na bado namchukia. Lakini lazima niseme lililotokea. Alifumba macho, akavuta kichwa cha Dira karibu, akalitamka jina sikioni mwake. Lilikuwa jina fupi. Mdogo wangu hajaniambia, na mimi sijamuuliza mara ya pili.

Akaliandika pale palipokwanguliwa. Kalamu ya buluu ilikuwa imepotelea kwenye vumbi. Akaandika kwa damu ya kidole chake kilichokatwa.

Mlango wa jiko ukaanguka chini. Wifi akatoka akitambaa, na moto ukazimika nyuma yake kama uliopulizwa. Dira akamkumbatia. Hakuona mtu mwingine akitoka. Aliona vumbi la njia likiruka, nyayo ndogo na kubwa zikijichora moja juu ya nyingine, zinakuja. Zikawapita.

Mzee alikuwa amekaa pale pale. Hakukimbia. Miguu yake ilinyanyuka kwanza, akaanguka chali, akaanza kuburutwa. Alishika ardhi kwa vidole, kucha zikabaki kwenye udongo. Kichwa chake kiligonga kila jiwe la njia ile. Walimpeleka polepole, kona kwa kona. Pale ukingoni alikwama, mabega yalikuwa mapana kuliko walivyotarajia, na Dira alisikia mifupa inavunjwa ili apite. Mzee alilia kitoto. Sauti yake ilishuka, ikashuka, na haikufika mwisho kwa muda mrefu.

Askari walipokuja walimkamata mdogo wangu, na sikuwalaumu. Mtu ana damu ya shemeji yake viatuni, mkwe haonekani, naye anazungumza habari za ramani. Nilimpelekea chakula mahabusu kila siku. Kilichomwokoa ni daktari aliyeukagua mwili wa Jeki. Aliandika kwamba majeraha yale yametokana na mapanga ya aina nyingi, na mikono mingi kuliko ingeweza kuingia kwenye chumba kile. Kisha wakachimba kisima. Walitoa mafuvu ya watu wazima, ya watoto, mifupa iliyoungua na iliyokatwa, mpaka wachimbaji wawili wakaacha kazi. Udongo wa pale, walisema, ulikuwa umeshikana kwa miaka mingi, haujaguswa na mtu.

Mzee walimpata mwisho. Alikuwa chini yao wote.

Wifi yangu aliletwa hospitalini kwangu, maana mimi ni muuguzi na wodi yangu ni ya walioungua. Nilijiandaa kwa mabaya. Nimeona moto unavyomfanya binadamu, na mtu aliyekaa chini ya paa linalowaka nisingemtegemea afike jioni. Nikamvua nguo kwa mkasi, nikamgeuza. Hakuwa na lengelenge hata moja. Nywele zake hazikuungua. Lakini mgongoni, kuanzia mabegani hadi kiunoni, alikuwa na alama za viganja. Vidogo vidogo, vya watoto, vimebanana bila kuacha nafasi, kila kimoja na vidole vyake vitano. Walikuwa wamemkandamiza sakafuni, chini ya moshi, wakamfunika.

Nilivisugua nikidhani ni masizi. Nikatumia sabuni, nikatumia spiriti, akasema namuumiza nikaacha. Havikuwa masizi, havikuwa kovu la moto, wala sijawahi kuona ngozi ya namna ile. Vilikuwa baridi kuliko mwili mwingine.

Miaka imepita. Wanaishi karibu na kwangu, wana watoto, na Dira hahakiki tena ramani. Anafundisha wengine, na anawakaripia sana. Wifi hawezi kujifikia mgongo, kwa hiyo mimi ndiye ninayempaka mafuta. Mwanzoni sikutaka kuamini macho yangu, nikajiambia amenenepa, ngozi imetanuka. Lakini wifi hajanenepa. Viganja vile vinakua, taratibu, kila mwaka kidogo, kama vya mtoto yeyote anayelishwa vizuri. Vingine sasa vina sugu za kazi.

Juzi niliweka mkono wangu juu ya kimoja. Kilikuwa kikubwa kuliko changu, na kilikuwa kimeanza kupata joto.